Gari halipigi magoti: tuwapandishe wazee wetu kwa staha



Katika daftari la muhtasari wa vikao vya kamati ya msikiti wetu hapa Mpanda mjini, kuna sentensi niliyoiandika kwa mkono wangu ambayo leo nikiisoma naona haya. Inasema kwamba mzee mmoja miongoni mwa waasisi wa msikiti hatapitiwa tena na gari siku ya Ijumaa, kwa kuwa umri umemzidi na hawezi kuhudhuria. Kikao kiliafiki, tukamuombea dua, tukahamia ajenda iliyofuata.

Mzee huyo aliishi miezi saba baada ya kikao kile. Katika miezi hiyo alitembea mwenyewe uani kwake, alitawadha mwenyewe, na alisali kwa kusimama. Kilichomzuia kuja Ijumaa, kama nilivyokuja kufahamu akiwa ameshatangulia mbele ya haki, kilikuwa mlango wa gari letu.

Anayeijua Katavi hatauliza kwa nini msikiti ununue gari refu. Mkoa wetu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ni mpana na vijiji vyake vimetawanyika. Ukishaiacha barabara kuu, ukaelekea Ikola na Karema kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, au Mishamo, au ndani huko Mpimbwe, masika hugeuza udongo kuwa utelezi na makorongo. Gari dogo hulala njiani. Ndiyo maana waumini walichanga, tukanunua Land Cruiser iliyokwishatumika, yenye viti vya mbele na mabenchi mawili yanayotazamana nyuma. Mwenye nalo wa kwanza alikuwa ameliongezea springi na kulivalisha tairi kubwa. Gari hilo hubeba jeneza, hupeleka masheikh vijijini, na kila Ijumaa hupita mitaani kuwachukua wazee. Tulijivunia urefu wake. Haikutujia akilini kwamba urefu ule ule unaolivusha gari kwenye tope unaweza kumwacha mzee chini.

Mwaka jana, katikati ya masika, tulipata habari kuwa mama yangu mkubwa amefariki Ikola. Mama yangu mzazi, ambaye ana miaka 72 na magoti yenye maumivu ya siku nyingi, alitaka kwenda kumzika dada yake. Gari likaletwa mlangoni, likasimamishwa upande wa mtaro, jambo lililolizidisha urefu. Vijana wawili wa msikitini, watoto wema ambao siwalaumu hata kidogo, wakaharakisha kusaidia. Mmoja alimshika kwapani, mwingine akamwinua miguu, wakamwingiza kwa mlango wa nyuma mbele ya umati wa waliokuja kutoa pole. Ushungi ukamvuka. Kijana mmoja akasema kwa uchangamfu, "Haya bibi, tayari!" kama mtu aliyemaliza kupakia gunia la mpunga.

Mama hakusema neno. Safari ya Ikola ni ndefu na ya kuchosha, na tuliposimama njiani kusali adhuhuri alisema atasali akiwa amekaa ndani ya gari. Nikampa chupa ya maji, akaishika mkononi bila kuifungua. Tulipofika ilikuwa imejaa vilevile. Nilidhani ni huzuni ya msiba.

Tangu siku ile mama aliacha kuja kwenye darsa la akina mama la Jumamosi. Kila gari lilipompitia alijibu kuwa magoti yanamuuma. Nilipoulizwa habari zake nilijibu kwa urahisi, "Mama ameshakuwa mtu mzima." Ilikuwa karibu sana na ile sentensi ya daftarini, ingawa sikuiona hivyo.

Aliyenifungua macho ni dada yangu mkubwa. Alinijia ofisini kwenye chumba kidogo cha msikiti, akafunga mlango, akasema: "Mdogo wangu, magoti ya mama ni yale yale ya mwaka juzi. Mama anaona haya. Ameniambia hatabebwa tena na watoto wa watu mpaka siku atakayobebwa kwenye jeneza. Na ile chupa ya maji hukuielewa? Aliogopa kunywa asije akahitaji kwenda haja njiani, akashushwa na kupandishwa tena mbele za watu."

Nilinyamaza kwa muda. Nikamkumbuka yule mzee. Jioni ile nilikwenda kwa mwanawe mkubwa, nikamuuliza bila kuzunguka. Alisita, kisha akanieleza kuwa Ijumaa moja mzee aliteleza akipanda, akabaki ananing'inia kwenye mlango wa gari uliokuwa ukiyumba. Waliokuwepo walicheka, wala si kwa ubaya, naye akacheka pamoja nao. Alipofika nyumbani aliwaambia wanawe, "Ijumaa ijayo wakija, waambieni sijisikii vizuri." Akaendelea kusema hivyo mpaka sisi tukaacha kwenda.

Mimi nimesoma chuo cha Kiislamu, na katika yale niliyohifadhi ni Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), ambamo Mtume (s.a.w.) amehesabu sadaka za kila siku. Miongoni mwazo ni mtu kumsaidia mwenzake kupanda mnyama wake, au kumpakilia mzigo wake. Nimewasomesha watoto wa madrasa Hadithi hiyo. Usiku ule niligundua kwamba mambo hayo mawili yametajwa mbalimbali: mtu husaidiwa kupanda, na mzigo hupakiwa. Sisi tulikuwa tukiwapakia watu.

Nikafungua tena Sahihi Bukhari, mahali panaposimuliwa safari ya kurudi kutoka Khaybar, mwaka wa 7 Hijria. Anas (r.a.) anaeleza alivyomuona Mtume (s.a.w.) akimwandalia Bi Swafiyya (r.a.) mahali nyuma yake kwa vazi lake ili kumsitiri. Kisha alikaa kando ya ngamia, akaliweka goti lake, na Bi Swafiyya akakanyaga juu ya goti lile akapanda. Tafakari, ndugu msomaji. Huyu ni kiongozi wa umma anayerudi kutoka vitani, na jeshi zima liko naye. Ngamia kwa kawaida hupiga magoti ili apandwe, na bado Mtume (s.a.w.) aliona nafasi iliyobaki ni kubwa kwa mguu wa mkewe. Akajifanya ngazi. Kupanda akamwachia mwenyewe, na stara yake akaishughulikia kabla ya yote.

Gari halipigi magoti. Kwa hiyo kuna mtu anayepaswa kuinama badala yake, na mtu huyo ni sisi wenye gari.

Siku ya pili nilichukua futi ya fundi nikalipima. Kutoka ardhini hadi sakafu ya mlango wa mbele ni sentimita 69. Ngazi ya kawaida ya nyumbani huwa na kimo cha sentimita 17 au 18. Maana yake tulikuwa tukimtaka mtu wa miaka 72 apande karibu ngazi nne kwa hatua moja, tena bila kitu cha kushika isipokuwa mlango unaocheza. Mlango wa nyuma ulikuwa juu zaidi.

Nilipeleka hoja kwenye kamati. Mweka hazina, ambaye ni mwaminifu na anailinda kila shilingi, alikumbusha kuwa paa linavuja na kwamba wazee wachache wanaweza kuendelea kusaidiwa na vijana. Nikasoma ile sentensi yangu ya daftarini, kisha nikaeleza niliyoyasikia kwa mwana wa marehemu. Baraza lilikaa kimya. Mwenyekiti wetu, mwenye miaka 64, aliyashika magoti yake akasema, "Mimi ndiye nitakayefuata kuliacha gari hili." Fedha zikapitishwa.

Ningependa kusema kwamba tulifanikiwa mara moja, lakini tulikosea kwanza. Fundi wa kwanza tuliyempata alituchomelea kikanyagio kirefu, kikiwa sentimita 25 tu kutoka ardhini, na akakishikiza kwenye bati la ubavu wa gari. Wazee walikifurahia wiki mbili. Katika safari ya kwanza ya Ikola, kikanyagio kilikwaa kwenye ukingo wa korongo, kikapinda na kuling'oa bati. Tulijifunza mambo mawili. La kwanza, kikanyagio kinachoning'inia chini sana hulinyima gari ule uwezo tulioununulia. La pili, uzito wa mtu haubebwi na bati la ubavu. Lazima ushikizwe kwenye chesisi.

Fundi wa pili alikuwa mtu wa kuuliza kabla ya kuwasha mashine. Aliniambia, "Ustadh, niletee hao wazee wenyewe." Tukawaita watano, wanaume wawili na wanawake watatu, tukawatandikia mkeka kivulini, tukawasikiliza. Hatukuwahi kufanya hivyo tangu gari linunuliwe. Bibi mmoja alisema shida yake ni kushuka, kwa kuwa akitazama chini hakioni kikanyagio. Mzee mmoja alisema mguu unapanda, ila mkono haupati pa kushika. Mama yangu, ambaye dada alimshawishi aje, alisema neno moja tu: "Msinishike kabla sijaomba."

Kutokana na maneno yao kazi ikapangika. Kikanyagio kipya kilifungwa kwa bolti kwenye chesisi, kikiwa na kimo cha sentimita 42, ili kisikwae njiani. Juu yake kuna bati lenye vinundu, lisiloteleza hata likiwa na tope, na ukingo wake umepakwa rangi ya njano ili macho yaliyochoka yauone. Pengo lililobaki chini linazibwa na kigoda cha mbao ya mninga chenye kimo cha sentimita 20, kinachowekwa chini gari likisimama na kurudishwa ndani likiondoka. Seremala alikipanulia miguu na kuivalisha vipande vya tairi kuukuu, na juu yake panatosha nyayo mbili kusimama sambamba. Tulikijaribu kwa kumsimamisha mtu mnene kuliko sote kwenye ukingo wake, hakikupinduka. Hivyo mwinuko mmoja wa sentimita 69 umekuwa hatua tatu: 20, kisha 22, kisha 27. Nyuma kulifanywa vivyo hivyo, kukaongezwa hatua moja.

Vishikio vilituchukua muda zaidi. Fundi alifunga bomba la wima kwenye nguzo ya mlango wa mbele, na mengine mawili kila upande wa mlango wa nyuma, yakianzia chini ili hata mtu mfupi aliyesimama ardhini ayafikie. Bibi mwenye baridi yabisi alijaribu, akasema bomba ni nene, vidole vyake havifungi. Likabadilishwa, likawekwa jembamba, likazungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli. Akalishika, akalivuta, akasema, "Hili sasa ni langu."

Kazi ya mwisho haikuhusu gari hata kidogo. Tulijenga kibaraza cha mawe na saruji pembeni mwa uwanja wa msikiti, pale gari linaposimama, chenye vipandio vifupi na bomba la kushikia. Gari linajisogeza ubavuni mwake, na mzee anaingia na kutoka karibu sawa na mlango wa nyumba. Kwa familia isiyo na uwezo wa kumlipa fundi, jambo hili ndilo jepesi kuliko yote: simamisha gari kando ya baraza au mahali palipoinuka, na usilisimamishe kamwe upande wa mtaro ukamwacha mama yako chini.

Kisha kuna adabu za kupandisha, ambazo hazigharimu kitu. Zima injini na uvute breki ya mkono kabla hujamkaribisha mzee. Muulize, "Nikusaidie vipi, mama?" au "Nisimame wapi, mzee wangu?" na umpe mkono wako aushike yeye, badala ya wewe kumkamata. Chukua kwanza mkoba, bakora na msala wake ili mikono yake iwe huru. Mkumbushe kwa upole kuinua pindo la kanzu au baibui, kwani wengi huanguka kwa kukanyaga nguo yao. Asishike mlango, kwa kuwa mlango huyumba, ashike kishikio. Akipanda, atangulize mguu wenye nguvu. Akishuka, atangulize ule wenye maumivu. Anayekaa mbele anaweza kusimama kwenye kikanyagio, akakalia kiti kwanza, kisha akaigeuza miguu yote miwili kuingia ndani. Anayeshuka nyuma na ashuke kinyumenyume, akilitazama gari kama mtu ashukavyo ngazi ya paa, na mtu amwongoze kwa sauti mguu unapokaribia kukanyaga.

Kwa upande wa wanawake, tuliafikiana kuwa wasaidiwe na wanawake wenzao au maharimu wao. Umoja wa akina mama ukateua mabinti wawili wa kufuatana na gari kila Jumamosi, na dereva hushuka akasimama mbele, mgongo wake ukiwaelekea. Na hakuna anayehesabu "moja, mbili, tatu", wala anayemhimiza mtu afanye haraka. Dakika mbili za mzee ni haki yake. Suratul Israa inatukataza kuwaonesha wazazi waliofikia uzee hata dalili ndogo ya kuchoshwa nao, na mimi naamini honi inayopigwa mama akiwa bado kwenye kigoda imo katika dalili hizo.

Wapo watakaosema kuwa mzee akishadhoofika kabisa hana budi abebwe. Ni kweli, na aliyefikia hapo kubebwa kwake ni ibada. Lakini wengi tunaowabeba hawajafikia hapo. Wanakosa sentimita chache tu za mbao na mahali pa kushika, nasi kwa kuwakosesha hizo tunawapeleka kwenye udhaifu kabla ya wakati wao. Anayekoma kupanda gari hukoma kwenda darsani, hukoma kuzuru ndugu, hukoma kuzika. Kisha tunasema kazeeka.

Jumamosi ya kwanza baada ya kazi kukamilika, nilisimama mbali, karibu na mwembe wa jirani, ili nisimtie mama wasiwasi. Binti mmoja aliweka kigoda chini, akakigusa kwa mguu kuhakikisha kimekaa sawa, akasimama pembeni bila kunyoosha mkono. Mama alikusanya baibui lake kwa mkono wa kushoto. Nilimuona midomo ikitamka Bismillah. Akapanda cha kwanza, akapumzika. Akapanda cha pili, akashika bomba. Cha tatu kikamuingiza ndani, akakaa kwenye benchi, akaurekebisha ushungi wake ambao haukuwa umeharibika, akasoma dua ya kupanda kipando. Kisha akamgeukia yule binti, akaomba maji ya kunywa.

Katika kikao kilichofuata, tulipofika kwenye yatokanayo, niliomba idhini ya kusahihisha muhtasari. Sikuifuta ile sentensi ya zamani, maana si utaratibu, na pia nataka iendelee kuniumiza kidogo kila nilifunguapo daftari. Niliandika chini yake kwamba mzee wetu, Allah (s.w.) amrehemu, hakushindwa kuhudhuria Ijumaa kwa sababu ya umri, bali kamati ilishindwa kumfikishia gari analoweza kulipanda. Wajumbe walithibitisha, na mweka hazina ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono.

Kwako, ndugu msomaji mwenye gari refu uani, nakuomba jambo moja kabla ya Ijumaa ijayo. Kaa na mzazi wako faraghani, umuulize kama kuna mahali ameacha kwenda kwa sababu ya mlango wa gari lako. Huenda akakujibu kwamba magoti yanamuuma. Usiridhike na jibu hilo. Muulize tena.

Wabillahi tawfiq.